Karata ya Ishirini na Nne

Mwalimu Dzombo kaniletea karata ishirini na tatu,
zimeshachorwa, zimeshalipwa nusu:
maji yauzima moto, moto waula mti,
mti wapasua jiwe, jiwe lauzuia upepo,
kila mbabe na mbabe wake.
Imebaki moja. Ameiandika kwa wino mwekundu
nyuma ya risiti ya unga:
MOTO WASHINDA MAJI.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," asema.
"Mtoto akiipata hii, meza yote yageuka.
Nitafutie picha. Jumatatu."

Jumatatu! Na leo Ijumaa,
na Bondeni stima imekatika mara mbili.

Nikaanza na mlima utemao moto baharini.
Mzuri, mwekundu. Lakini nani Mikindani
amewahi kuuona? Watasema ni keki.
Nikachora meli ya mafuta yawaka Kilindini,
mawimbi yameota ndimi,
nikaifuta kabla wino haujakauka:
jirani yangu hushinda Shimanzi akijaza matangi,
na ule si ushindi, ni msiba uliopakwa rangi.
Nikajaribu jua na kidimbwi cha Makupa.
Lakini jua si mnyonge.
Mombasa hii, jua halijawahi kuwa mnyonge.
Nikamchora dobi, pasi ya makaa juu ya kanzu mbichi,
mvuke unaruka kama aliyekanyagwa.
Hiyo nusura niichukue.
Ila mvuke kwenye karatasi ni moshi mtupu,
na moshi, mtoto yeyote ajua,
ni moto uliokwisha kushindwa.

Alasiri nikaenda kwa mamangu, Majengo.
Yuko uani, sufuria mapajani, jivu kiganjani.
"Kuna chai?"
"Ilikuwa chai."
Mamangu mdogo Barke alipiga simu toka Lamu,
habari za shamba la marehemu,
nani kauza minazi ipi, nani kala nini,
na hesabu ile haina mwisho.

Nikamnyang'anya sufuria kabla hajaisugua.
Ndani, pale maji ya kisima yaliposimama,
pana duara jeupe, na chini yake jingine, na jingine,
kila yaliporudi nyuma yameacha alama,
kama jeshi likimbialo likiangusha viatu.
Chumvi. Mifupa ya maji.
Na moto wenyewe? Nikauchungulia jikoni:
makaa matatu. Matatu,
yamejifunika jivu, yamelala.
Kopo moja lingeyaua.
Lakini lile kopo halikuyafikia. Kati yao palikuwa na bati,
bati jembamba la kununuliwa Mwembe Tayari,
halikupigana na yeyote,
lilimpa mnyonge muda.

"Niazime hii."
"Imeungua!"
"Ndiyo maana."
Mamangu akanitazama kama niliyerogwa.
"Na chai nipikie nini? Kofia yako?"

Usiku kucha nimeichora, kutoka juu,
hamna ulimi wa moto, hamna tone,
duara ndani ya duara hadi kwenye weusi.

Mwalimu akaishika, akaigeuza, akaigeuza tena.
"Moto uko wapi?"
"Chini."
"Na maji?"
"Yamekwenda."
Akavuta pumzi ya mtu anayetafuta lugha ya adabu.
"Watoto hawataelewa."
Nami sikuwa na la kumjibu, kwani usiku ule,
saa tisa hivi, hata mimi sikuelewa.

Binti yake, Kadzo, miaka saba,
alikuwa mlangoni akila achari ya embe.
Akachomoa kichwa chini ya mkono wa babake.
"Aa! Hii ni siku ile, baba,
ile uliyosahau uji."

Mwalimu akakohoa.
Akahesabu nusu iliyobaki, noti kwa noti,
asiniangalie usoni.

Sufuria iko hapa bado, juu ya mashine ya kukatia karatasi.
Mamangu amepiga simu mara nne.
Nimeiacha iite.