Jino la Kyimo

Kabla hatujavuka Uyole, Lusekelo alishauliza mara nne
kama kwa shangazi kuna televisheni.
Baba yake akajibu: kuna ng'ombe.
Kimya hadi Isyonje,
ambako ukungu ulitulalia kwenye kioo
na Atupele, miaka mitatu, akaninong'oneza:
"Mama, nani kachemsha barabara?"

Mimi nimezaliwa Manyoni.
Kwetu mvua hukumbukwa mojamoja, kama wageni:
ile ya mwaka wa harusi ya dada,
ile iliyobeba daraja na mbuzi wa mwalimu.
Hii ya Kyimo haibishi hodi.
Inaingia, inakaa, inakula nasi.
Shangazi Subilaga aliipokea kama alivyotupokea,
macho bado kwenye sufuria:
"Mmefika. Acheni viatu mlangoni, vina tope."

Jumamosi, maziwa.
Lusekelo akayakataa, hayana pakiti.
Saa nne nikamkuta nyuma ya tangi na kikombe cha pili,
masharubu meupe yakimchongea.
Atupele naye kila alichoambiwa kwa Kinyakyusa
alijibu "sawa",
na kwa sawa hizo akawa amekubali
kulinda kuku, kumenya ndizi,
na, nilivyokuja kuelezwa baadaye,
kuachwa pale hadi Krismasi.

Alasiri tukachoma mahindi jikoni,
moshi ukitutafuta mmoja mmoja.
Jino la Lusekelo, lililokuwa likicheza tangu Pasaka,
likabaki kwenye hindi
katikati ya punje, kama punje.
Alilia kidogo, kwa heshima ya damu tu.
Baba mkubwa Anyelwisye akamtoa uani, mvuani:
"Rusha juu. Mwambie panya akuletee jipya."
Akarusha.
Bati likasema *ti*,
jambo dogo mno kwa mtoto aliyetarajia radi.

"Na mimi langu nililirusha hapahapa," baba yake akasema,
"enzi hizo paa la nyasi."
Paa liko wapi?
Lilioza. Tuliliweka kwenye migomba.
Lusekelo akaitazama migomba,
akaitazama sufuria ya mbalaga,
akahesabu kitu kwa vidole.
"Kwa hiyo jino lako tumelila?"

Shangazi alicheka hadi akashika ukuta.
Mume wangu alicheka pia, halafu akaacha,
akabaki anatazama pale chini,
ambapo kati ya mashina kuna kaburi la vigae vya bluu.
Mkono ule uliomwonyesha namna ya kurusha.
Sikumwuliza.
Nikamletea koti.

Jumapili gari lilizaa:
mikungu miwili, maparachichi kwenye gunia la mbolea,
jogoo aliyefungwa miguu na kinyongo chake.
Shangazi aliendelea kuingiza vitu dirishani
hata tairi zilipokwisha anza kuzunguka.
Atupele alilia kwa ajili ya Krismasi yake.

Kiwira, sauti kutoka nyuma:
"Mvua ikizidi, jino litateremka?"
Litafuata mfereji, liingie kwenye tangi.
"Basi shangazi atalinywa."
Inawezekana.
Akaridhika, akalala kinywa wazi,
ulimi umekaa kwenye pengo kama mlinzi.

Nyumbani, Mbeya, kukavu.
Nimeanika soksi, nimemfungua jogoo,
Lusekelo amesimama mlangoni na nguo za kulalia:
"Baba, hili pengo kwa Kinyakyusa linaitwaje?"
Baba yake akafungua mdomo.
Akaufunga.
Akajaribu neno moja, akalikana mwenyewe,
akakuna kidevu, akachukua simu.

Iliita sana.
Ilipopokelewa hakuna aliyewahi kusema,
si sisi, si shangazi.
Tuliweka sauti kubwa mezani
na wote wanne tukainama
kusikiliza bati.