Barafu ya Soroti

Niliifungua injini siku ya tatu,
juu ya turubai, chini ya taa ya karakana,
mafundi wenzangu wamesimama mbali kidogo
kama majirani wasiotaka kuitwa mashahidi.
Plagi: safi, rangi ya mkate ulioiva.
Petroli: haina hata tone la maji.
Oili ipo. Cheche zipo.
Kabureta nikaipindulia kiganjani,
ikatoa vumbi la shamba la muhogo, basi.

Injini ni moja, na moyo nao ni mmoja,
alizoea kusema mwalimu Byaruhanga darasani,
na sijaona mtu akikataa kutembea nao.
Wanafunzi walicheka.
Aisu alicheka hadi akashika dawati.

Ilikuwa mara yake ya tatu kuruka peke yake.
Saa mbili asubuhi, jua limeshaukamata Mwamba,
ukungu bado umelalia kinamasi cha Awoja.
Akapunguza nguvu ili ashuke,
na wanawake waliokuwa wakipalilia karanga
wakasikia ngurumo ikikohoa mara mbili,
ikakata.
Mmoja aliniambia: ilipita kimya kama kipanga,
nikadhani ndege za siku hizi zimefundishwa adabu.

Mama yake alikuja getini, kanga imefungwa kiunoni.
Hakuuliza nini. Aliuliza nani.
Nikamjibu: barafu.

Barafu! Soroti hii, ambako mabati hulia kwa joto,
na yeye ameiona mahali pawili tu maishani:
kwenye sanduku la muuza sangara,
na juzi, pembeni mwa droo ya mochwari.

Mama, koo la kabureta ni jembamba.
Petroli ikigeuka mvuke huiba joto,
kama spiriti ya nesi mkononi mwako kabla ya sindano.
Hewa ya kinamasi imebeba maji;
maji huganda hapo kooni
huku jua likimchoma rubani mgongoni.
Dalili ya mvua ni mawingu.
Dalili ya hii ni mshale wa saa ukishuka upana wa ukucha,
na kijana wa miaka ishirini na moja
macho yake yako uwanjani.

Dawa ipo: kishikizo kimoja. Ukivute, hewa ya moto iingie.
Ila dawa yenyewe huanza kwa kuzidisha ugonjwa.
Barafu ikiyeyuka, injini humeza maji,
hutetemeka, hukaribia kuzima kabisa,
na mkono mgeni hudhani umekosea.
Hukirudisha.

Nilikikuta katikati.
Hilo sikumwambia.
Alikuwa akivuta, au akirudisha?
Chuma hakikumbuki upande.

Mwizi huyu hukimbia na nyayo zake.
Kabla polisi hawajafika na kamba zao,
injini ingali ya moto kwenye mihogo,
ushahidi ulishakuwa tone,
kisha mvuke, kisha hali ya hewa ya Teso.
Ripoti imeandika *yaelekea*.
Herufi nane; ndizo nilizopewa nijifunike.
Mtaani wana neno fupi zaidi: fundi.
Jioni, kwenye chungu cha ajono,
mrija wangu hakuna anayenisogezea.

Wiki iliyopita mama alirudi.
Alitaka kukiona kishikizo.
Nikampandisha kwenye ndege nyingine,
kiti cha kushoto, viatu ameviacha chini kwenye saruji.
Nikamwonyesha. Akakivuta hadi mwisho.
Kisha?
Kisha inatetemeka, mama. Unasubiri.
Kwa muda gani?
Mpaka itulie.

Nje mtu alikuwa akifuta umande kwenye bawa.
Injini ilikuwa imezimwa.
Yeye aliendelea kushikilia.