Ukungu

Kiswahili kimenipa neno moja kwa vitu viwili:
ukungu unaotambaa alfajiri juu ya miti ya Shinyalu,
na ukungu unaoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini.
Nimeajiriwa na huo wa pili,
ingawa naufuata ndani ya ule wa kwanza.

Saa kumi na mbili kasorobo. Imbusi, askari wa msitu, yuko mbele na panga,
mimi nyuma na kisu kidogo, spiriti,
na mifuko ya karatasi niliyoiandika nambari usiku.
Mukomari ulioanguka mwaka wa mvua nyingi umelala ubavu,
umeota masikio kila upande: ya kahawia, ya maziwa,
na moja jeusi, dogo kuliko ukucha wa mtoto.
"Hilo haliliwi na ugali," asema Imbusi.
Nalikata hilo hilo.

Mama alinifunza uyoga humu humu:
huu kitoweo, huu kaburi,
ukiwa na shaka, mwachie mdudu.
Viganja vyake vilikuwa na sugu za jembe.
Nilidhani sugu ni neno la heshima
hadi nilipoanza kazi Kisumu.

Wodi ya wanaume, kitanda cha tisa.
Oguya, mkata miwa wa Chemelil; panga liliteleza likamla muundi.
Kidonda cha wiki kikawa cha miezi mitatu.
Dawa ya kwanza, bakteria waliinywa kama uji.
Ya pili vilevile. Ya tatu, shemejiye aliuza ndama.
Usaha ukaletwa kwangu kwenye kijiti cha pamba.
Nikaupaka sahanini, nikapanga juu yake vikaratasi saba,
kila kimoja na dawa yake.
Kesho yake walikuwa wameota hadi ukingoni,
wakivipita vile vikaratasi
kama watu wanaompita askari waliyekwisha kumzoea.
Nikaandika: sugu. Sugu. Mara saba.
Mkono haukutetemeka, na hiyo ndiyo aibu yangu.

Ugomvi huu ni wa kale kutuliko.
Gizani, ndani ya gogo, kuvu na bakteria
waligombea unyevu kabla hajazaliwa mtu wa kuumwa.
Kuvu hana miguu ya kukimbia, hana meno.
Ana sumu tu, na subira.
Sisi ni wageni tulioamkia mlangoni kuazima silaha.

Na mengi hayakuwa kitu. Mia mbili na kumi na moja.
Moja liliua bakteria, likaua na seli za figo.
Lingine, baada ya miezi mitano, tulikuta
ni dawa ile ile inayouzwa kila duka la Kondele.
Ijumaa moja umeme ukakatika, jenereta haina dizeli;
Jumatatu friji ilinuka kama ziwa chini ya magugu.

Kisha sikio jeusi.
Wale wa kitanda cha tisa walikuwa wameijaza sahani, rangi ya siagi,
ila kuzunguka tone langu palikuwa na duara
tupu, kama uwanja uliofagiliwa.
Nikapima kwa rula ya shule: milimita kumi na nne.
Daktari Nyangweso akaacha chai yake ipoe,
akapima kwa rula yake. Kumi na nne.
Hatukushangilia. Alisema, "Rudia mara tatu."

Bado si dawa. Ni maji ya manjano
yasiyojaza kifuniko cha kalamu.
Mbele kuna panya, kuna miaka, kuna barua za kuomba fedha.
Mguu wa Oguya ulikatwa Jumanne ile ile.

Nilipita kumwona.
"Nasikia waliokula mguu wangu unawafuga."
"Ninao, kwenye baridi."
"Usiwalishe vizuri."
Akanyamaza, kisha: "Na aliyewashinda ni nani?"
"Ukungu."
Akageukia dirisha, ziwa halionekani kwa weupe.
"Huu?"
"Hapana," nikasema. "Ule mwingine."