Mali Iliyo Chini ya Mahakama

Nilikabidhiwa funguo tatu, filimbi na karatasi:
mapipa arobaini na mawili, dawa ya ngozi, yamejaa.
Mfilisi akasema, "Mbonea, usiguse kitu,
kila kilichomo humu ni cha kesi."
Nikaitika. Mshahara ungetoka kesi ikiisha.

Mwezi wa kwanza jalada halikuonekana.
Mwezi wa nne wakili wa benki alikuwa na udhuru.
Masika, jaji akahamishiwa Bukoba,
na aliyekuja akataka kuanza kusoma upya.

Pipa la kona lilitoboka chini.
Tone. Kimya. Tone,
kama mtu anayehesabu hela asizotaka zionekane.
Nikaandika barua, nikaipeleka kwa miguu
kutoka Njoro hadi masjala, soli zinanuka kiwanda.
Karani Aikaruwa akagonga muhuri: IMEPOKELEWA.
Wino ulikauka. Sakafu haikukauka.

"Niyahamishe tu, ng'ambo kuna saruji nzima."
"Ukiyahamisha bila amri, umeingilia mahakama."

Basi nikayalinda.
Niliyalinda na wezi wa vyuma chakavu,
na watoto wa kota, na mbwa wa kiwanda jirani.
Mvua ilipita chini ya geti
bila kusaini daftari.

Chini yetu kuna mfongo, na chini ya mfongo mpunga.
Ndeshukurwa alikuja na mche mmoja mkononi,
mizizi imeungua kama utambi.
Hakunifokea. Aliuliza tu, "Kesi ni lini?"
Nikamtajia tarehe.
Akacheka kidogo, puani,
akauegemeza ule mche kwenye geti, akaondoka.
Mwaka uliofuata alikuja na tarehe yake mwenyewe:
ya mjukuu, ya hospitali.

Mwaka wa saba hukumu ikatoka.
Benki ilitajwa. Kodi ilitajwa.
Wafanyakazi walitajwa mkiani, na mimi humo,
jina limekosewa herufi.
Mfongo haukutajwa.
Haukuwa na wakili,
wala haukuleta madai yake ndani ya siku tisini.

Dalali akaja na karatasi ileile ya kwangu, imefifia.
Akapita akigonga kwa fimbo, pipa kwa pipa,
nikajua jibu kabla hajaandika.
"Mapipa arobaini na mawili," akasoma. "Matupu."
Akaninyooshea kalamu.
"Hakuna kilichoibiwa?"

Miaka saba sikulala usiku.
Nikasema hakuna.
Nikasaini.