Mstari Unaorukwa

Jumatano zamu ya jumuiya ilikuwa kwa Mama Nabintu,
Mabatini juu, pale ngazi zinapoishia
ukaanza kupanda kwa kushika mawe.
Nilifika viatu vikiwa mkononi.

Chumba kilinuka chumvi. Kila chake kinanuka chumvi:
pazia, noti, kikombe alichonipa.
Mwaka wa tisa huu anapanga kayabo kwenye magunia
yanayokwenda kwao, Bukavu,
na mpakani hayaulizwi kitambulisho.
Samaki mfu anajua njia ya kurudi.

Somo lilikuwa lile la mateka wa Babeli,
waliokaa kando ya maji, vinubi mtini,
na walinzi wakitaka burudani.
Mimi ndiye msomaji. Sauti yangu husifiwa.
Nikasoma kama ninavyosoma siku zote,
taratibu kwenye machozi,
chini zaidi kwenye jina la mji wao,
na kabla ya mwisho nikafunga kitabu
kama mwenye nyumba anayerudishia mlango
wa chumba kisichofagiliwa, mgeni asione.

Mzee Lugembe akakohoa ili aanze sala.
"Bado," Nabintu akasema. "Haiyaisha."

Sote tuliujua. Mstari wa watoto. Mstari wa jiwe.
Tumeurukia tangu katekesi;
padri mmoja kijana alitueleza
kwamba watu wa kale walikuwa na hasira za kale.

"Ule mustari munaruka," akasema,
"ni ule nilikuya nao.
Sufuria niliacha. Picha ya harusi niliacha.
Ule haukukubali kubaki ku njia.
Sikufanya kitu. Sitafanya.
Lakini nilimwambia Mungu wazi, na hakunifukuza.
Ni ninyi munaona haya."

Hakulia. Alikuwa anachagua mchele,
ungo magotini, macho kwenye ungo.

Nje watoto walikuwa wanateleza
kwenye jiwe la nyuma ya nyumba,
kubwa kuliko nyumba, limeng'arishwa
na makalio ya baba zao na mama zao.
Wamekalia vipande vya madumu,
wanashuka, wanachubuka, wanapanda tena.
Mimi nimezaliwa katika mji huu.
Mawe tumeyajengea, tumeyaanikia dagaa,
tumepigia picha za kipaimara juu yake,
na jioni ile ndiyo ya kwanza
kuyaogopa.

"Mama, angalia!" Huyo ni Ushindi,
kitinda mimba wake, aliyezaliwa Bugando,
anayesema Kisukuma kuliko mimi.
"Naangalia," akajibu, bila kuinua kichwa.

Basi nikafungua. Nikausoma.
Nilipofika kwenye neno lenyewe
kuna mtoto alikuwa anashuka: ule mkwaruzo mrefu,
kisha kimya,
kisha kicheko.
Sijui nilisomaje hadi nukta.

Hakuna aliyesema amina.
Jenereta la jirani likakata, likawaka tena.
Halafu Kabula, ambaye kila wiki huja kukaa tu,
akataja jina la kijiji chao
na jina la mpwa wake, mwenye ualbino,
aliyeondolewa usiku akiwa na miaka minne
akalelewe ndani ya ukuta, mbali na ndugu zake.
Walikuja mara mbili, akasema. Mmoja wao ni shemeji.
Akanyamaza hapo.
Hata Mzee Lugembe, bingwa wa kufariji,
alitazama mikono yake.

Sala hatukuifunga vizuri. Mtu alianza wimbo
ukafia ubeti wa kwanza, tukauacha.
Ziwa lilikuwa limeshageuka jeusi huko chini,
taa za kivuko cha Kamanga zikivuka polepole.

Tukala. Kwenye wali wangu
niliuma kijiwe, kimoja, kilichomponyoka kwenye ungo.
Nikakitoa, nikakiweka ukingoni mwa sahani.
Ushindi, magoti yakivuja damu kidogo,
akaniuliza kama nakihitaji,
au anaweza kukichukua.