Nchi Niliyoifagia

Treni ya Vankuva, au ya Toronto,
huingia Winipegi alfajiri;
abiria wakishuka kutafuta kahawa,
napanda mimi na ufagio.

Halifaksi sijafika. Lakini chini ya kiti cha saba
niliokota kombe la chaza, linanuka chumvi bado.
Toronto huacha risiti.
Saskachewani, punje za ngano
zilizodondoka kwenye pindo la suruali ya mtu.
Milima ya Roki siujui urefu wake:
nalijua tope lake, jeusi, gumu kubanduka.

Zamda, mwenzangu wa zamu, ananitania:
"Miaka kumi na mmoja, hata Brandoni hujafika!
Mtembea bure si sawa na mkaa bure,
huenda akaokota."
Basi mimi nimekaa, na ndiye niokotaye.

Jana, baridi thelathini chini ya sifuri,
nilikuta glavu ya mtoto, nyekundu,
ndani ina joto.
Nikakimbia nayo jukwaani, nateleza,
treni inajikokota kuelekea magharibi,
na dirishani kimkono kitupu
kinanipungia,
kana kwamba mimi ndiye ninayeondoka.