Mizani ya Uwanja wa Ndege, Kigoma

Kazi yangu ni kilo, si kilomita.
Ishirini na tatu kwa begi moja, basi;
ikizidi, fungua, punguza, funga tena.
Nimepima migebuka mikavu ya waendao harusini Dar,
madumu ya mawese yaliyozibwa kwa nailoni na dua,
na mimi mwenyewe sijawahi kwenda juu
kuliko mchikichi wa babu.

Jumanne ile wakashuka kwenye mabasi ya Nyarugusu,
kila mmoja na mfuko mweupe kifuani:
picha, hati, cheti cha chanjo.
Mama Wilondja akatua begi. Ishirini na tano na nusu.
Tukafungua. Vitenge, sufuria,
na chini kabisa jembe lisilo na mpini,
limeviringishwa gazeti la zamani.
"Mama, kule ni theluji tupu," mwanawe akasema.
"Na chini ya theluji? Si udongo?"

Wilondja alikuwa na hesabu kwenye simu,
akaisoma kama mtu atangazaye matokeo ya mpira:
Kigoma hadi Winipegi, kwa mstari ulionyooka,
kilomita elfu kumi na tatu kasoro kidogo.
Kwa njia ya ndege, Dar, Addis, Toronto,
saa thelathini na nne,
pamoja na kulala tumeketi.

Mama akageukia dirisha.
Mvua ya usiku ilikuwa imeliosha anga,
milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa ikaonekana hadi mikunjo yake,
kama kitenge kilichokosa pasi.
"Na pale? Pale ni kilomita ngapi?"
Kijana akabonyeza, akasita.
"Hamsini hivi."
"Kuja, mtumbwi ulituchukua usiku mmoja.
Kurudi, huu mwaka wa ishirini na sita, bado sijafika.
Nayo iandike."

Hakuiandika. Mapangaboi yalishaanza kuzunguka,
vumbi jekundu likatuingia mdomoni sote,
wa kwenda na wa kubaki.
"Baba wa mizani," akaniambia, "hili lishike wewe."
Begi likasoma ishirini na tatu kamili.
Sijawahi kuona mshale ukisimama vizuri namna ile,
nikakosa pa kuweka macho.

Jembe nimelitia mpini, nalimia mihogo Mahembe.
Saa sita nikila, najua kwake ni saa tisa za usiku,
kwa hiyo sipigi. Nangoja
mpaka saa kumi, jua letu likianza kulegea
ndipo lake linapopiga miayo.
Haniulizi habari za jembe.
Hazungumzii baridi, wala basi la kwenda kazini,
wala yule jirani asiyejibu salamu.
Anauliza kimoja tu:
"Leo milima inaonekana?"

Siku nyingine mvua imeshuka
hata ziwa na mbingu huwezi kuvitenganisha,
hata meli gatini siioni.
Namwambia, inaonekana, mama.
Yote.